Ukurasa wa Pili

Siku taipureta zilipobebwa kwenda kutupwa stoo, Cherehani alisimama mlangoni akilia bila haya. Miaka ishirini na minane alikuwa mpiga chapa mkuu wa ofisi ile ya kupima viwanja. Jina hilo alipewa na wapimaji, kwa sababu akianza kazi, aliye chumba cha pili angeapa kwamba kuna fundi anashona. Na karatasi alikuwa haitazami, ng'o! Macho yako kwenye mwandiko wa bosi, vidole vinajiendea vyenyewe.

Mkuu wa ofisi, bwana wa sauti ya chini waliyemwita Miwani, akamwambia waziwazi: wiki mbili, halafu jaribio la kompyuta. Akishindwa, atastaafu mapema. Cherehani alitoka mle ndani. Akae nyumbani afanye nini, ahesabu nyufa za ukuta?

Aliyemshika mkono ni katibu msaidizi, binti wa kaka yake, mama wa mapacha ambao hawajaanza hata shule na baba yao alishaaga dunia.

"Shangazi, futa machozi," alisema. "Kila siku saa ya mapumziko njoo mezani kwangu. Utaijua tu."

Siku ya kwanza ilikuwa kasheshe. Cherehani alipiga ukurasa mzima bila kuinua macho, na kila mwisho wa mstari akakipiga kile kitufe kikubwa cha kushukia mstari mpya kwa kidole cha mwisho, pwaa, kama anayerudisha roda ya taipureta mwanzo wa mstari. Alipoinua uso, aya tatu za kwanza hazipo.

"Mungu wangu! Zimeibiwa!"

"Zimepanda juu tu, shangazi."

"Karatasi gani hii inayojipandia bila kuvutwa?"

Binti alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Kisha akaanza upya, polepole. Huku juu kabisa, mstari wenye jina la waraka, ujue umefungua kitu gani. Chini yake utepe wenye vitufe. ("Huu nao unachafua vidole kama utepe wa wino wa taipureta?" "Hapana, shangazi.") Hapa katikati karatasi, na kijiti kinachopepesa ndicho kishale, herufi zitaangukia pale kilipo, si pale unapotaka wewe. Kulia, upau wa kuvuta ukurasa juu na chini. Na huku chini kabisa kamstari kembamba kanakokwambia uko ukurasa wa ngapi kati ya ngapi.

"Kwa hiyo kazi yote ni kutazama," Cherehani alisema, amekasirika kweli. "Miaka yote hii nimesifiwa kwa kutotazama!"

Lakini alishika. Aliichora skrini yote kwenye karatasi akaibandika juu ya sinki, akawa anaosha vyombo huku akitaja utepe, kishale, upau, mpaka mumewe akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Siku moja kabla ya jaribio alizitaja sehemu zote bila kukosea hata moja, na binti akamkumbatia kwa nguvu, akamng'ang'ania muda mrefu kuliko kawaida.

Asubuhi ya jaribio Miwani alimkalisha mbele ya kompyuta yake mwenyewe. Waraka ulikuwa wazi tayari, wenye maswali matano kuhusu sehemu za skrini. Kabla hajauliza la kwanza, wapimaji wawili wakaanza kugombana uani, naye akatoka kwenda kuwaamua.

Cherehani akabaki na skrini. Akaisoma kama alivyofundishwa, kutoka juu kushuka. Jina la waraka, sawa. Utepe, sawa. Kishale, kinapepesa. Chini kabisa: ukurasa wa 1 kati ya 2.

Wa pili una nini tena? Maswali mengine? Akaushika upau, akavuta.

Hayakuwa maswali. Ilikuwa barua ya Miwani kwenda makao makuu, fupi, isiyo na madoido. Ofisi itabaki na mpiga chapa mmoja tu. Iwapo mpiga chapa mkuu atafaulu jaribio la kompyuta, katibu msaidizi ataachishwa kazi mwisho wa mwezi. Iwapo atashindwa, atastaafu yeye, na katibu msaidizi atabaki.

Alisoma tena, mdomo wazi. Mara ya tatu macho yakateremka mpaka pembeni chini ya mahali pa sahihi, mahali ambapo kila mpiga chapa wa ofisi ile huweka herufi mbili ndogo za jina lake, ili ijulikane nani aliipiga barua. Herufi zilikuwa za binti wa kaka yake. Na tarehe ilikuwa ya wiki mbili nyuma.

Wiki mbili! Mtoto huyu alijua kabla ya somo la kwanza. Amemfundisha na huku anajua.

Miwani akarudi, akijifuta jasho. Alipoona kilichokuwa kwenye skrini, alisimama wima. Maswali na barua vilipigwa pamoja kwenye waraka mmoja, lakini yeye alidhani barua iko kwenye waraka mwingine. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuvuta ukurasa.

"Uliza maswali," Cherehani alisema.

"Mama, naomba nieleze..."

"Uliza!"

Akauliza. Cherehani akamwonyesha sehemu zote tano, kidole hakisiti, bila kukosea.

"Nimefaulu, sijafaulu?"

"Umefaulu. Vizuri sana."

"Asante. Nilitaka kusikia. Sasa andika kwamba nimeshindwa."

Miwani akachukua kalamu.

Nje, binti alikuwa amesimama kando ya meza yake, mikono ameikunja kifuani. "Vipi, shangazi?"

"Nimeshindwa, mwanangu."

"Haiwezekani! Jana ulizitaja sehemu zote!" Kisha akageuka kuutazama mlango wa Miwani. Akasogea karibu, akanong'ona, "Shangazi, umeona ukurasa wa pili?"

"Ukurasa wa pili upi?" Cherehani alisema, akichukua mkoba wake. "Mimi na kompyuta wapi na wapi!"