Pini ya Ishirini

Wateja wananiita Fundi Pilipili, na mimi sikatai. Ukija kuulizia nguo yako kabla ya siku niliyokwambia, utaikuta haijaisha, na maneno utapewa ya nyongeza. Ndivyo nilivyoumbwa. Basi mtu kama mimi akikwambia aliogopa, jua si mchezo.

Mama yangu alikuwa hali chakula. Wiki ya tatu tangu atoke hospitali, kila nilichompelekea alionja mara mbili, akasukuma sahani. "Nimeshiba, mwanangu." Ameshiba nini, upepo? Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu ule ugonjwa, lakini kulishwa alikataa katakata, yeye si mtoto. Alhamisi daktari akampima uzito, akaniita pembeni. Kama kufikia Jumatatu atakuwa amezidi kupungua, atamlaza tena na kumpitishia mpira wa chakula puani. "Kwa umri wake na mwili ule," akasema, "sitaki tufike huko."

Jumamosi asubuhi na mapema nilikuwa buchani. Muuza nyama akaanza kunipimia mifupa ya mbavu, mikavu.

"Hiyo kampe mbwa wako," nikamwambia. "Nataka ya goti, yenye uboho, na uipasue."

Akacheka, akaipasua. Ananijua.

Niliichemsha mara ya kwanza, nikamwaga yale maji machafu, nikaiosha, nikaweka maji mapya na ndimu moja. Moto mdogo kabisa. Supu ya mifupa haitaki papara. Ukiichochea inakuwa kama maji ya kufulia. Nikawa naengua povu, narudi sebuleni kwenye cherehani, natia mshono mmoja kwenye suruali ya watu, narudi jikoni. Saa nne nikatia vitunguu, karoti, boga na kipande cha tangawizi. Mwisho mchicha na chumvi ya kuhesabu kwa vidole. Saa sita nyumba nzima ilikuwa inanukia.

Mama meno hana ya kutosha, kwa hiyo nilitaka zile mboga ziwe laini kabisa. Chujio langu limetoboka. Lakini fundi hakosi kitambaa! Nikavuta kipande cha pamba nyeupe juu ya meza ya kazi, nikakisuuza kwa maji ya moto vilevile kilivyokunjwa, nikakitega juu ya bakuli la Mama, nikamimina na kukamua kwa nguvu zangu zote. Ikatoka supu nzito, yenye rangi ya boga. Nikampelekea chumbani, nikamwachia, maana hapendi kukodolewa macho.

Nilipochungulia baadaye, bakuli lilikuwa tupu. Tupu kabisa! Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, peke yangu, kwa furaha.

Nikarudi kumalizia suruali. Mimi pini zangu ni ishirini, zenye vichwa vya rangi, na kila kazi ikiisha nazihesabu. Pini ikibaki kwenye nguo ikamchoma mteja, jina lako limekwisha. Nikahesabu. Kumi na tisa. Nikahesabu tena, polepole, nikizipanga mezani. Kumi na tisa. Nikapitisha sumaku chini ya meza, kwenye mikunjo ya suruali, kwenye gauni langu mwenyewe kifuani ambako huwa nazichomeka. Hakuna.

Ndipo nikakumbuka. Kile kipande cha pamba nilikuwa nimekikunja jana na kukibana kwa pini, kiwe bitana ya kola.

Jamani! Nilikimbilia jikoni, nikakifumua kile kitambaa, nikakipapasa uzi kwa uzi. Nikamwaga masalio ya mboga kwenye sinia, nikayachambua kama mchele. Nikaitoa mifupa mmoja mmoja, nikaichokonoa kwa vidole hadi kwenye uboho. Ikabaki supu ya sufuriani, nayo nikaichuja mara mbili. Pini hakuna. Nilikuwa nimeikamulia kwenye bakuli la mama yangu mzazi, kwa mikono hii. Na supu ilikuwa nzito, asingeweza kuiona.

Nikampigia mdogo wangu, muuguzi.

"Dada, punguza sauti," akasema. "Amelalamika maumivu?"

"Sijamwuliza."

"Muulize! Usimtapishe, usimpe mkate wala kitu chochote cha kuisukuma. Mlete sasa hivi apigwe picha. Ikitoboa utumbo, kwa hali yake..."

"Kwa hali yake nini?"

"Mlete tu, Dada. Mimi naomba daktari ajiandae."

Nikasimama kwenye korido, simu mkononi. Nikimwambia, ndiyo basi. Hatatia tena mdomoni kitu kilichotoka mkononi kwangu, na Jumatatu inakuja. Nisipomwambia, kile kichuma kinatembea ndani yake. Nikafikiria kumdanganya kwamba daktari amebadilisha tarehe tu, twende akapimwe uzito. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa nimelichuma na kumlisha yeye peke yake.

Nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, shuka magotini, mkono mmoja ndani ya shuka.

"Mama, kuna mahali panachoma? Kooni? Tumboni?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Supu ilikuwa nzuri, mwanangu," akasema haraka. "Nimemaliza yote. Hata tone sikumwaga."

"Mama, pini yangu imepotea. Nadhani ilikuwa kwenye supu. Nadhani umeimeza. Ni uzembe wangu mimi. Inabidi twende hospitali, sasa hivi, inuka!"

Sauti ilipanda bila mimi kutaka. Nikiogopa huwa hivyo, mtu asiyenijua atadhani nagombana. Mama akajikunyata, akarudi nyuma hadi pembeni mwa kitanda.

"Umekasirika?" akauliza.

"Mama! Nakuuliza habari ya pini!"

"Lakini umekasirika?"

Alikuwa anatetemeka mwili mzima, si mikono tu. Nikapiga magoti sakafuni. Nikavuta pumzi, nikashusha sauti mpaka nikawa namnong'oneza.

"Sijakasirika, Mama."

Hakuniamini hapohapo. Aliniangalia macho, akaangalia mdomo, akarudi kwenye macho. Kisha akautoa ule mkono ndani ya shuka, akaifungua ngumi kidole kimoja kimoja. Pini ilikuwa kiganjani, ya kichwa chekundu, na pale ilipokuwa imebanwa palikuwa na damu.

"Ilikuja kwenye kijiko cha tatu," akasema. "Ilinichoma ulimi, nikaitoa."

Nilishindwa hata kuichukua. "Kwa nini hukuniita?"

"Ungefoka."

"Basi si ungeacha kunywa! Je, kama kungekuwa na nyingine?"

"Ningeacha ungeuliza kwa nini nimeacha. Nikaendelea. Kila kijiko nilikuwa nakipapasa kwa ulimi kwanza, halafu nameza." Akajifuta kiganja kwenye shuka. "Nilikuwa naogopa sana."

"Uliogopa pini nyingine?"

Akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei na hataki kumwudhi muuzaji.

"Na pini pia," akasema.

Yeye ndiye aliyeendelea, taratibu, akinichunguza uso baada ya kila neno, tayari kunyamaza.

"Mkono huu unamwaga, mwanangu. Nikimwaga unafoka, unapigapiga milango. Nisipokula, hakimwagiki kitu."

Simu ikaanza kuita. Alikuwa mdogo wangu, anataka kujua tumefika wapi. Nikaiacha iite, nikabaki palepale sakafuni, naogopa hata kuunyoosha mkono, nisije nikamshtua.