Shingo ya Harriet

"Legeza shingo," Clive alisema kwa mara ya pili.

"Si nimelegeza!" Harriet alijibu, macho yakiwa kwenye doa la maji darini.

Uongo mtupu. Kichwa chake kililala kwenye viganja vya Clive, lakini uzito alikuwa ameushikilia mwenyewe, na shingo ilikuwa ngumu kama mpini. Bi Prowse, mtahini, alisimama miguuni pa kitanda na kalamu yake, uso ameukunja.

Kwa miaka minne wanafunzi wa chumba hiki walikuwa wakivua nguo na kubaki na za ndani, wakiazimana miili, maana digrii ya osteopathi, tiba ya kunyoosha mifupa na viungo kwa mikono, haipatikani kwa vitabu peke yake. Leo unanyoosha mgongo wa mwenzio, kesho ananyoosha wako. Tangu mwaka wa kwanza hakuna aliyeitaka mikono ya Clive. Alikuwa fundi wa mapaa hadi magoti yalipomkatalia, mtu wa makamo kati ya watoto, na viganja vyake bado vilikwaruza. Harriet ndiye aliyembandika jina Koleo, likamganda. Mtihani huu alikwisha anguka mara moja. Akianguka tena, digrii ndiyo basi, na kule juu ya mapaa hawezi kurudi.

"Vipi, Clive?" Bi Prowse aliuliza. "Tukuletee ngazi?"

Harriet akacheka, na kicheko kikatikisa kichwa chake mikononi mwa Clive. Chuki ikampanda Clive. Alimchukia binti huyu, hasa. Nguvu alikuwa nazo. Azungushe kidogo, asukume mara moja, viungo vya shingo vingelia ko, vitake visitake, kama mtihani ulivyotaka, naye angefaulu. Harriet angeumwa wiki nzima. Na aumwe!

Vidole vikajipanga vyenyewe chini ya kisogo. Hapo akausikia mshipa wa shingo ukidunda mbio mbio, na ngozi imelowa jasho. Kumbe binti alikuwa anaogopa. Alikuwa anamwogopa yeye.

"Harriet, nifanye au nisifanye?"

Harriet akayafumba macho.

"Sema basi."

"Usifanye," akanong'ona. "Si kwa mikono yako, Koleo."

Clive akakishusha kichwa kwenye mto, taratibu. "Amekataa. Naacha."

"Kukataa ni haki yake," Bi Prowse alisema huku akiandika. "Kufaulu si haki yako. Haya, badilishaneni."

Clive akavua shati. Alikuwa na hasira hata vifungo vikamshinda, kimoja kikadondoka na kubingirika chini ya kitanda, wala hakukifuata. Akalala chali mahali penye joto la Harriet bado. Juu yake lilikuwa lile doa la maji. Kigae kimeteleza huko, aliwaza, na hakuna mtu atakayepanda kukirudisha.

Harriet akasimama nyuma ya kichwa chake. Mikono yake ilikuwa laini, na baridi.

"Legeza shingo, Clive," alisema.

Shingo ilikaza yenyewe. Clive hakuiamuru, wala hakuikataza.

"Tunakusubiri, Harriet," Bi Prowse alisema, na kalamu ikagusa karatasi.

"Clive," Harriet alisema tena, kwa sauti ndogo. "Tafadhali."

Chini ya kisogo chake vidole vya binti vilikuwa vimekunjuka, vikingoja uzito.