Mtoto wa Chumba cha Minsk

Kule Minsk, katika Muungano wa Kisovieti walikokwenda kusoma, walipoulizwa wametoka wapi, Yuliana na Evance walijibu Morogoro, na maswali yakaishia hapo. Hakuna aliyejali kwamba mmoja ni wa Mgeta, mlimani kwenye baridi na njegere, na mwenzake ni wa Turiani, mtoto wa kibarua wa miwa aliyehamia huko kutoka Mara. Kule mbali kwao kulikuwa kumoja tu.

Theluji ikianguka, wanafunzi wa Dar walitetemeka, Yuliana akiwacheka, maana yeye alikulia kwenye ukungu wa Uluguru. Mara nyingine alitoka bila glavu kwa makusudi, ili Evance amkemee. Walipendana wakiwa kwenye jiko la pamoja la hosteli, wakisonga ugali wa ngano ya chengachenga, ugali mlaini usioshikika, wakaula kwa kijiko na kuusifia. Pendo alizaliwa huko huko, kabla hawajamaliza masomo. Wazee hawakuwepo. Hakuna aliyeuliza mtoto ni wa nani.

Walirudi mwaka ule vyama vingi viliporuhusiwa. Yuliana alidhani kazi zinawangoja, kama zilivyowangoja waliowatangulia. Wakakuta mashirika ya umma yanapunguza watu. Evance akaenda Turiani kwa wazazi wake kusikilizia, Yuliana akapanda Mgeta na mtoto. Akawa anapalilia njegere za mama yake, na shahada yake ya kilimo imefungwa kwenye kanga. Asubuhi mikono ikimfa ganzi kwa umande, alilikumbuka dirisha la chumba chao cha Minsk lilivyoota barafu, na Evance akilikwangua kwa kijiko ili Pendo achungulie tramu zikipita. Alikumbuka mpaka akasimama na jembe mkononi, mama yake akamwuliza kama anaumwa.

Siku moja Evance akaja, na baba yake.

Mzee alikuwa mrefu, wa maneno machache, na hakuzunguka. Alisema ameleta mahari, na akishaitoa anaondoka na mjukuu wake, kwa sababu kwao mtoto ni wa baba, na yeye hajawahi kuacha damu yake kwa watu. Upande wa Yuliana msemaji alikuwa Mjomba Mwinshehe, kaka wa mama yake. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na mtoto ni wa ukoo wa mama. Alimsikiliza mgeni mpaka mwisho, kisha akacheka kwa pua.

"Mahari inamwoa mama, mzee mwenzangu. Mtoto hatukumweka dukani."

"Na huyu mwanangu alikuwa nani? Mpita njia?"

"Huyo tunamshukuru sana. Aje kumsalimia hata kila Jumapili."

Majirani waliosimama uani wakacheka, na mzee akavimba. Tangu hapo maneno yakawa makali. Yuliana alikaa mkekani karibu na mama yake, macho chini, akingoja Evance aseme. Kule Minsk, Evance ndiye aliyewasemea wenzake kwa wakuu wa hosteli, tena kwa Kirusi. Hapa alikuwa anavitazama viatu vyake. Halafu Yuliana akatambua kwamba hata yeye mwenyewe hajafungua mdomo tangu wageni waingie.

Pendo alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Sauti zilipopanda akatoka, akaishika suruali ya baba yake, akasema jambo kwa Kirusi, lugha aliyoijua kuliko Kiswahili.

"Anasemaje?" mjomba akauliza.

Evance akampapasa mtoto kichwani.

"Mtoto anasemaje?" baba yake naye akauliza.

"Anasema twende kwa Galina," Yuliana akajibu.

Ikabidi awaeleze Galina ni nani: mama mtu mzima aliyekuwa mlinzi wa mlango wa hosteli, aliyekaa na Pendo wao walipokwenda darasani. Wazee wakatazamana. Walikuwa wanamgombania mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa anamlilia mzungu asiye wa ukoo wowote.

Yuliana akaona asiposema sasa hatasema tena.

"Mjomba, unisamehe. Na wewe baba, unisamehe. Tutapanga chumba Mwembesongo, Morogoro mjini, sisi watatu."

"Chumba," mjomba akasema. "Mmepanda ndege kwenda kusomea kupanga chumba?"

"Kule tulikuwa na kimoja, mjomba. Kilitutosha."

Evance akainua kichwa. Akasema atafanya kazi yoyote mjini, hata gereji, na mahari ataitoa yeye mwenyewe, kwa ajili ya mke wake tu. Baba yake akanyanyuka, akatoka bila kuaga. Mjomba akasema Yuliana akishuka na mtoto, lile shamba la karibu na mfereji atapewa mdogo wake, Felista. Lilikuwa shamba ambalo Yuliana alikuwa ameahidiwa tangu usichana wake. Aliitikia, akaenda kufunga nguo.

Lori la mboga lililoshuka siku hiyo lilikuwa moja tu. Wote wakajikuta juu ya magunia ya kabichi, baba yake Evance mbele amewapa mgongo, wao nyuma, mtoto katikati. Lori lilizunguka kona baada ya kona, milima ikabaki kwenye ukungu wake. Pendo akalala. Walipokaribia barabara ya lami, mzee akageuza kichwa kidogo.

"Huyo mama wa mlangoni," akauliza, "alikuwa anamlisha nini?"

Yuliana akasogea karibu ili sauti isimezwe na injini. Akamweleza uji wa maziwa aliokuwa akiupika Galina, mzito, na jinsi alivyoupuliza kijiko kwa kijiko huku akimwimbia Pendo.

"Na siagi," Evance akasema. "Umesahau siagi. Alikuwa anaiweka katikati, inayeyuka."

"Siagi," mzee akasema taratibu, akasogea mbele kidogo ili mjukuu wake apate pa kunyoosha miguu.