Kabla Injini Haijapata Moto

Nilikanyaga mafuta hadi mguu ukagusa sakafu, na gari likaguna tu. Tulikuwa njia panda, pua yake ilikwishaingia barabara kuu, na lori la kokoto lilikuwa linateremka kilima huku likipiga honi mfululizo. Laiti lingezima, ningejua moja. Halikuzima. Lilitetemeka, likakohoa, likajikokota kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Kando yangu mume wangu aliinua mkono wake mzima, wa kushoto, akasema neno lake.

"Bado."

"Bado nini, Baba Watoto? Lori hilo!"

Lori lilitukosa chupuchupu. Dereva wake alituachia vumbi na tusi ambalo sitalirudia hapa, maana mimi ni mwalimu.

Tangu apatwe na kiharusi, mume wangu alikuwa amebakiwa na neno hilo moja. Ukimwamkia, bado. Ukimpa chai, bado. Daktari alituambia wengine hubakiwa na tusi, kwa hiyo nilishukuru. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza kurudi, na kila alfajiri nilimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mwenye mikono kama koleo. Dada huyo alinionya bila kupepesa macho: mazoezi yakikatizwa sasa, mguu utasahau, na ukishasahau ndiyo basi tena. Nafasi pekee aliyokuwa nayo ilikuwa kabla ya zamu yake ya wodini. Gari lilipaswa kutoka asubuhi na mapema, katika baridi ya mji wetu wa mlimani, na ni wakati huo tu lilipogoma.

Likishapata moto halikuwa na neno, lilipanda kilima kama mbuzi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nililipeleka gereji mbili, na kila nilipofika, safari yenyewe ilikwishalipasha moto. Fundi alizunguka nalo mtaa, akarudi anatabasamu: "Mama, mbona liko sawa?" Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha chujio la petroli, akalaumu uchafu wa tangi. Kesho yake, pale pale njia panda, yale yale.

Jioni ya siku ya lori, mwanangu wa kwanza alikuja. Habari mbaya hazikawii.

"Mama, gari hili limekula chumvi nyingi. Liuze. Baba tumpeleke kwenye ile nyumba ya kulelea wagonjwa, kule ninakokaa mimi. Wana wataalamu humo humo."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Kule anakokaa ni safari ya siku nzima. Na baba yake alikuwa ameketi hapo hapo, anasikia kila kitu.

"Bado," alisema mume wangu.

"Umemsikia," nikasema.

"Mama, neno hilo analisema kwa kila jambo."

"Basi leo amelisema kwa jambo hili." Damu ilikuwa imenichemka. "Nipe hadi Jumapili. Gari likinishinda nitaliuza mwenyewe, na baba yako utamchukua."

Neno likitoka halirudi. Nililala nikiwa nimemweka mume wangu rehani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa, mimi nafundisha hesabu. Kwangu jibu lisilo na njia halipati alama, hata liwe sahihi. Nikaanza upya: ugonjwa unakuja na baridi, mafundi wanaliona likiwa na moto, kwa hiyo wanatibu gari zima. Aliyepaswa kusafiri ni fundi.

Nilimwendea fundi tunayemwita Kimya, ambaye alilitunza gari hilo zamani mume wangu alipokuwa mzima. Jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kunyamaza. Nilikuwa nimemkwepa kwa hilo tu: ukimpelekea gari asubuhi, unaondoka jioni ukijua siri za ndoa za mtaa mzima.

"Gari liko wapi, Mwalimu?"

"Sikuleta gari. Nimekuja kukuchukua wewe. Kesho alfajiri uje ulikute limelala."

"Si ulilete tu hapa nilitazame?"

"Likija hapa linapona."

Kimya alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikwishakuwa safi. Hakuniambia habari ya mtu yeyote. Hilo peke yake lingenishtua, lakini nilikuwa na haraka.

Alikuja akiwa amejifunga skafu hadi masikioni. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake barazani, na blanketi magotini. Kimya alimwamkia, akapewa bado yake, akafungua boneti.

"Usiguse kitu kabla hujaniambia unatafuta nini," nikamwambia.

"Lo! Nimerudi darasani." Alivuta kitufe cha choki, kikaja chote mkononi bila ukinzani. "Kebo hii imekatika, na haikukatika jana. Nitaweka nyingine. Lakini choki huiongezea injini petroli mwanzo tu, inapowashwa, na lenu linagoma mpaka karibu na hospitali. Shika hapa."

Akauweka mkono wangu juu ya mpira mnene wa maji, ule wa juu unaoingia kwenye rejeta ya kupozea maji. Ulikuwa baridi kama samaki. Akaingia ndani, akawasha injini.

"Unasikia nini, Mwalimu?"

"Bado baridi." Nikasubiri. "Sasa kama unataka kuwa vuguvugu. Polepole."

"Haukutakiwa. Ulitakiwa ubaki baridi kabisa, halafu uwe wa moto ghafla. Pale mpira huu unapoanzia pana kilango, thamostati, kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kisipokuwepo, injini inamwagiwa maji baridi wakati inataka kujifunika."

"Kwa hiyo kimeharibika."

"Hakijaharibika. Hakipo."

"Umejuaje, nawe hujafungua?"

Kimya alimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama uani.

"Nilikitoa mimi," akasema. "Unakumbuka siku lilipochemka ukiwa na mimba ya kitindamimba?"

Nitasahauje? Nilisimama juani kando ya barabara, peke yangu, mvuke ukitoka kwenye boneti, tumbo hili hapa, mpaka msamaria akanichukua.

"Alikuja kwangu mchana ule ule, anatetemeka. Akasema, kitoe, lisichemke tena mke wangu akiwa ndani. Mafundi wote tunavitoa, tunasema nchi ya jua haivihitaji. Lakini nilimwambia, ndugu yangu, mji wetu huu una baridi, asubuhi litakuwa zito. Akanijibu, asubuhi niachie mimi."

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya mpira ule.

Miaka yote hiyo mume wangu aliondoka kitandani kabla sijaamka. Nilimkuta ndani ya gari, injini inanguruma, redio inaongea, gazeti usoni. Nilimtania: umeshamwamkia mke mwenzangu? Alicheka, akashuka, akanishikia mlango, nami nikaondoka kwenda shuleni na gari jepesi, yeye akaenda kazini kwa miguu. Nilimtania, lakini moyoni haikuwa utani. Nilikuwa na hakika kwamba mtu huyu anaikimbia sauti yangu, kwamba anapata raha yake ya siku kabla sijaiingilia. Hakika hiyo niliilea kama mtoto.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia, ungeamka wewe," Kimya alisema. "Na mimi alinikataza. Katika maisha yangu nimeficha neno moja tu, Mwalimu, nalo limenikaa kooni kama mwiba."

Nilipanda barazani. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, machozi yakanitoka na sikuyaficha. "Wewe mtu wewe," nikamwambia. "Wewe mtu!" Alinipapasa mkono kwa vidole vyake vya kushoto, akitazama uani.

Niliporudi kwenye boneti nilikuwa nimeshajifuta uso. "Kilango kirudi. Na rejeta ishuke izibuliwe, maana kuchemka kule kulikuwa na sababu yake na hakuna aliyeitafuta. Hatufuti kosa kwa kosa."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Kimya.

Jumapili, kabla jua halijatoka, mwanangu aliketi kiti cha nyuma mikono kifuani. Nilivuta choki, nikaacha injini ijivutevute kidogo, tukaenda. Njia panda nilikanyaga mafuta, na gari likaondoka. Tulipita sokoni, tukapanda kilima, tukafika hospitali, tukarudi nyumbani.

"Haya, Mama," akasema, akaenda kumshusha baba yake.

Jumatatu tulitoka mapema mno kwa mazoea ya hofu, na muda ulikuwepo wa kutosha. Nilimfunga mume wangu mkanda, nikawasha injini. Sindano ya kipimo cha joto ilipanda hadi mahali pake, ikatulia. Aliitazama. Nami nilimwona akiitazama.

Nikashika gia.

"Bado," akasema, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu.

Nikaiachia gia. Nikasogeza kiti changu nyuma, nikamwashia redio.