Watu Wasio na Kaburi Mbale

Mwaka ule serikali iliishiwa, ndipo ikakumbuka mito. Viwanda vilikuwa vinafunga milango kimoja baada ya kingine, watu wanarudishwa makwao mikono mitupu, na ofisi moja kule Jinja ikakaa ikachora mpango wa kuokoa uchumi. Mto unaopita nyuma ya viwanda vya Mbale, Uganda, ungenyooshwa, maji yagawiwe mashamba makubwa, na kila aliyejenga ukingoni aondoke. Ramani yenyewe ilikuwa nzuri, ya rangi nne. Watu hawakupewa rangi.

Odero alikuwa ameishi ukingoni hapo miaka kumi na tisa, tangu wazazi wake walipovuka naye kutoka Kenya. Kiwanda kilichomwajiri kilipofungwa, sukuma wiki alizopanda kando ya mto ndizo zilizobaki kulisha nyumba. Akifukuzwa pale, hana pengine pa kupanda hata jani.

Karani wa mpango, Wangila, alikuja na fomu. Aliyethibitisha kuwa ni mkazi wa kudumu angepewa kiwanja upande wa juu, na asiyethibitisha angetoka ndani ya siku thelathini. Hati hakuna aliyekuwa nayo, kwa hiyo Wangila alitumia kipimo cha kwao: ulipozika watu wako ndipo nyumbani kwako.

"Jirani yako Nandutu nimeandika," alisema. "Yeye iko na kaburi tatu. Kaburi yako iko wapi?"

"Sisi tunazika nyumbani, bwana. Alego, Kenya."

"Basi nyumbani ni Alego. Hapa mimi naandika nini?"

Baba yake alifia katika nyumba ile ile. Odero aliuza hadi kitanda ili kumvusha mpaka wa Malaba, akazikwe kwa baba zake kama inavyompasa mwanamume Mjaluo. Miaka yote alijivunia safari ile. Sasa heshima aliyompa baba yake ndiyo iliyomfanya mpita njia.

Wangila aliahidi kurudi baada ya wiki mbili kufunga orodha, akaondoka na pikipiki yake.

Ndani, mama yake Odero alikuwa anakohoa. Bibi huyo wa miaka sabini na minne alibanwa na kifua tangu mvua zianze. Kikohozi kile Odero alikuwa amekizoea, lakini jioni hiyo alikisikiliza. Tusimfichie: alijiuliza kimebakiza siku ngapi. Aliona aibu, na hakuacha kusikiliza.

"Baba Mitchelle, tumpeleke mama hospitali," mkewe Akoth alimwambia.

"Kesho."

Kesho yake alisema anamwagilia sukuma, na mvua ilikuwa inanyesha. Keshokutwa akasema njia ina matope. Akoth alimtazama, akaenda kumkanda mkwewe kifua kwa maji ya moto.

"Odero," mama aliita siku ya nane, sauti imekwisha. "Utanilaza karibu na baba yako, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniache kwenye maji."

"Sitakuacha, mama."

Alifariki asubuhi iliyofuata, uji wake ukiwa bado moto. Odero hakuwapigia simu ndugu zake Alego. Kufikia saa nane mchana alikuwa amechimba kaburi ukingoni, na maji yakajaa hadi magotini, akawa anayachota kwa sufuria. Akoth hakumsaidia kuchota.

"Ulikuwa unamngoja afe," alimwambia, majirani wakisikia.

Wangila alirudi siku aliyosema, uso mkunjufu. Odero alikuwa amevaa shati la pasi. Alimshika mkono amwongoze kwenye kaburi.

"Aa-a, kaburi sitaki kuona tena," Wangila alicheka. "Watu ya huku wamezidi! Wiki hii wamenionyesha kaburi mpya saba, ingine tumefukua tumekuta mgomba ndani, wameuvalisha sanda. Jinja wamekasirika, wamefuta hiyo maneno. Sasa tunaandika nyumba yenye iko na mzee wa miaka sabini kuenda juu. Hiyo haifukuzwi, inapewa kiwanja. Wewe uko na bahati, bwana! Ile siku nilisikia mama yako anakohoa."

Alitoa simu mfukoni, akaifuta kioo kwa shati.

"Mwambie atoke nje nimpige picha. Akae kwa kiti, sura ionekane vizuri."

Akoth aliyekuwa amesimama mlangoni aliingia ndani, akatoka na kiti cha mkwewe. Alipita katikati ya wanaume hao wawili, akakiweka juu ya udongo mbichi wa kaburi, akakikandamiza mpaka kikasimama.

"Mama huyu hapa, bwana," alimwambia Wangila. "Piga."