Uji Usiomwagika

Ifahamike tangu mwanzo kwamba Kanana hakuwa na wasiwasi. Mara tatu alikuwa amekimbia mchujo wa marathoni, na mara tatu akamaliza wa tatu, ilhali timu ya taifa huchukua wawili. Sasa alikuwa na miaka thelathini na nne, na magoti yalikuwa yamekwisha kumwandikia barua ya malalamiko. Huu ulikuwa mchujo wake wa mwisho, na alikuwa amekuja kushika nafasi yake.

Mwaka huu ulifanyika Runyenjes: mzunguko wa kilomita saba kati ya michai na mibuni, mara sita, na meza moja ya vinywaji kando ya lami. Kila mkimbiaji aliruhusiwa mtu mmoja mezani. Wenzake waliweka makocha. Kanana alimweka mama yake, Teresia, kutoka Mitunguu.

Teresia si mtu wa kudharauliwa. Kwa miaka thelathini amepeleka maziwa sokoni kwa bodaboda, na halijamwagika hata tone. Siri yake ni blada, zile kamba za mpira zinazokatwa kutoka tyubu kuukuu. Anachofunga Teresia kimefungika. Basi asubuhi hiyo alipika uji wa wimbi, akaupoza, akajaza chupa tano, na kila kifuniko akakizungushia blada mara nne. Kanana alikuwa akinyoosha misuli. Hakuangalia.

Mzunguko wa kwanza ulipoisha, alinyakua chupa akavuta kifuniko. Kikakataa. Akajaribu meno. Kikakataa tena. Kando yake Cicily, bingwa wa mwaka jana, alikuwa akifyonza maji yake kwa raha.

"Kanana, hiyo ni chupa ama ni gunia la mahindi?"

"Wewe kimbia. Utamaliza pumzi."

Akaitupa. Mzunguko wa pili akapiga kelele huku akionyesha kifuniko kwa kidole: "Mama! Umefanya nini?"

"Usijali!" Teresia akajibu kwa fahari. "Hata ukiuangusha, haumwagiki!"

Na kwa kuwa alimwona binti yake ana mashaka, kila chupa iliyobaki akaiongezea blada mbili.

Mzunguko wa tatu hauna haja ya maelezo.

Kufikia kilomita ya ishirini na nane jua lilikuwa limepanda na ulimi wa Kanana umekauka. Watatu walikuwa mbele yake kwa hatua chache. Huko Mitunguu shamba la migomba hupata maji kwa zamu. Usipofungulia mfereji saa yako, hakuna wa kukurudishia maji yako. Kanana alikuwa amefungulia mfereji huo tangu utotoni. Akajua zamu yake ya kunywa ndiyo hii. Akafika mezani, akasimama kabisa.

Kocha wake Mugendi, aliyekuwa nyuma ya kamba, alishika kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Kata, Mama," Kanana akasema.

"Nikate? Blada nzuri hivi?"

Teresia akafungua fundo moja moja, kwa utaratibu. Dakika nzima ikapita, na wale watatu wakapotea kwenye kona. Kanana akapokea chupa, akanywa uji wote hadi chini.

"Polepole, mwari wangu, usije ukapaliwa."

"Asante, Mama. Ile nyingine ifungue sasa hivi."

Kisha akaondoka.

Mzunguko wa tano akampata wa nyuma kati yao, aliyekuwa amejimwagia nusu ya kinywaji chake kifuani. Mzunguko wa sita, kwenye mlima wa mwisho, Purity, mwingine wa wale watatu, alikuwa akikimbia kwa mabega tu, miguu imekataa.

"Jipe moyo, dada," Kanana akamwambia alipompita, na alimaanisha.

Cicily alishinda kwa hatua thelathini. Kanana akawa wa pili.

"Ulisimama kunywa chai?" Cicily akauliza, amejilaza kwenye nyasi.

"Uji. Tutaonana kwenye ndege."

Mugendi alimweleza mwandishi wa redio, bila kupepesa jicho, kwamba kule kusimama kulipangwa tangu Januari. Teresia naye aliokota zile chupa tatu zilizotupwa barabarani, akazitikisa karibu na sikio. Zote zilikuwa zimejaa.

Wiki tatu baadaye, begi la timu ya taifa lilikuwa mlangoni Mitunguu. Teresia alitoka jikoni na blada mkononi.

"Mama, lina zipu."

"Zipu ni ya watu wa kubahatisha."

Kanana akaketi kwenye kiti, akatabasamu. "Basi fundo moja tu."

"Mawili," akasema Teresia, tayari amepiga goti.