Mikono ya Tobias

Muthama alikuwa mtu wa kuchagua. Kununua viatu tu kulimmalizia Jumamosi mbili, na wauzaji wa pale mjini wakimwona mlangoni walijifanya wana shughuli nyingine. Mke naye alimchagua vivyo hivyo, taratibu, mpaka rafiki yake Tobias, fundi wa taipureta katika ofisi ya serikali walikofanya kazi wote wawili, akamwambia Kanini atazeeka huku akiendelea kutazamwa. Basi mwaka ule nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, Muthama akakata shauri. Jumamosi ikapangwa apeleke mbuzi wa ntheo nyumbani kwa kina Kanini, Uthiru. Mbuzi hao wakishachinjwa, hakuna Mkamba atakayebisha kwamba Kanini ni mke wake.

Siku hiyo alikuwa ameshaiahirisha mara moja kwa sababu ya kazi, na mzee Mwololo, mjomba wa Kanini na msemaji wa ukoo, hakupendezwa hata kidogo. Alituma neno kwamba Muthama akiahirisha tena, asijisumbue kuja. Akaongeza kwamba hata hivyo hajui kama hawa vijana wa kukalia viti wana mgongo wa kuweka mke.

Sasa, mgongo ndio hasa uliokuwa umempotea Muthama. Aliupotezea Dagoretti, soko la mifugo, siku alipokwenda kuchagua mbuzi. Wazee humpima beberu kwa kumpapasa mbavu, basi. Muthama, mbele ya watu, alimkumbatia beberu mzima na kumwinua juu ili aone uzito. Beberu alifurukuta mara moja tu. Kitu kikalia kiunoni, na tangu hapo mchumba wetu akawa anatembea ameinama, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Hii mgongo utaenda nayo hivyo Jumamosi?" Tobias akamuuliza kazini. "Wale wajomba watasema msichana yao ameletewa babu."

"Nitafutie mtu wa kunikanda."

"Kuna mama mmoja huko Uthiru, wachezaji wa mpira wanaendanga kwake, hata wazungu wa Loresho wanamwitanga. Wanamwita Mama Nzembi."

Muthama akafumba macho. Nzembi alikuwa dada mkubwa wa Kanini.

Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawapeani mikono, sembuse kukandana mgongo. Heshima hiyo ndiyo nthoni, na anayeivunja hulipa mbuzi. Tobias alikuwa Mluhya, na kwao pia mama mkwe ni wa kukimbiwa njiani, kwa hiyo alielewa upesi. Akapiga mluzi na kurudi kwenye taipureta yake.

Muthama akaanza kuchagua. Alichagua kwanza kwa kibao. Mjini, juu ya duka la vitambaa, palikuwa na nyumba ya kukanda watu yenye kibao cha shaba kinachong'aa, na ndani kulikuwa na orodha ya huduma. Alisoma yote, akachukua ile yenye jina gumu kuliko zote, masaji ya Kiswidi, kwa kuwa aliona jina gumu haliwezi kuwa la bure. Walimketisha kwenye mvuke mpaka akalegea, kisha jamaa mmoja mwenye koti jeupe akampiga makofi ya mgongo, huku na huku, bila kuuliza lolote. Muthama alitoka akinukia waridi. Alitoka vilevile alivyoingia, ameinama.

Siku ya pili yake alichagua kwa mtaa. Alisikia kwamba Karen kuna saluni ambako wake za wakubwa huenda kunyoosha viungo, na akaona kinachowafaa hao hakiwezi kumkataa yeye. Huko walimfunga mshipi mpana kiunoni, mshipi wenyewe umeshikwa na mashine, wakawasha. Mashine ikamtikisa. Ilimtikisa mashavu, ikatikisa meno, miwani ikaenda zake. Mama mmoja mnene aliyekuwa kwenye mashine ya pili alimpa pole kwa kutumia kichwa tu, maana naye hakuweza kusema. Usiku ule Muthama alilala chali sakafuni, akitazama dari, akaogopa kwa mara ya kwanza. Aliogopa kumpoteza Kanini. Alikuwa amechagua vitu vingi maishani, lakini huyu msichana alimpenda kweli, na ujinga wa kumbeba beberu ndio uliokuwa unamnyang'anya.

Ijumaa mchana Kanini akamfuata ofisini.

"Mama amesema uje."

"Kanini! Mama yako?"

"Hatakuona na hautamwona. Ataweka leso katikati. Yeye ataongea, mtu mwingine akande."

"Akande nani? Wewe?"

"Mimi nikuguse kwa nyumba ya baba kabla mbuzi haijaingia? Unataka mjomba Mwololo anichinje mimi?"

Wote wawili wakamgeukia Tobias. Tobias akaitazama mikono yake, iliyojaa wino na grisi, akasema atakwenda kuiosha.

Jioni ile Muthama alilala kifudifudi kwenye mkeka, chumba cha nje, nyumbani kwa mama mkwe wake mtarajiwa, uso umeelekezwa ukutani. Leso ilikuwa imetundikwa kwenye kamba. Nyuma yake ilisikika sauti ya mama mtu mzima, isiyo na haraka.

"Wewe kijana Tobias. Muulize wapi panauma."

Muthama akashtuka. Kwa wiki nzima, pamoja na koti jeupe na mashine, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo. Akamwonyesha Tobias.

"Muulize alibeba nini."

Muthama akanong'ona. Tobias akapaza sauti: "Anasema ni faili za ofisi, Mama."

Leso ikatikisika kidogo. "Muulize hizo faili zilikuwa na pembe ngapi."

Muuza mbuzi wa Dagoretti, kumbe, mkewe aliimba kwaya moja na Mama Nzembi. Muthama akaficha uso mkekani, na Kanini alisikika akicheka jikoni mpaka akakosa pumzi.

Kazi ikaanza. Tobias alimimina mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, akakanda kwa moyo wote.

"Chini kidogo," sauti ikaelekeza. "Chini nimesema. Hapo ni mbavu. Sasa umepita. Kijana, unakanda mtu ama unafungua nati?"

"Najaribu, Mama."

"Jaribu polepole. Ai! Usimsukume hivyo, utamvunja, na kesho tunamtaka!"

Kisha Muthama alisikia leso ikisogea. Akasikia Tobias akikohoa, na kikohozi kilitoka mbali, mlangoni. Lakini mikono ikarudi mgongoni. Haikuwa na haraka. Ilipapasa mahali penye maumivu, ikapazunguka, ikatulia hapo kama inasikiliza, halafu kiganja kikakandamiza mara moja, kwa nguvu. Kitu kikalia kiunoni. Maumivu yakaondoka.

Muthama hakugeuza uso. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado mtoto wa shule, na tangu wakati huo hakuna mkono wa mama uliowahi kumgusa. Machozi yakamtoka, akashukuru kwamba alikuwa ametazama ukuta.

"Tobias," alisema hatimaye, "una mikono mizuri."

"Asante," Tobias akajibu kutoka mlangoni. Leso ilikuwa imeshatulia mahali pake, na nyuma yake mtu alikuwa akifuta mikono.

Jumamosi Muthama aliingia uani Uthiru akiwa amenyooka wima, kamba za mbuzi mkononi. Wajomba walimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, wakampisha. Akina mama walikuwa jikoni, mlango umefunguliwa kidogo. Mzee Mwololo akawahesabu mbuzi kwa fimbo, akasita, akahesabu tena.

"Kijana, ntheo ni mbuzi watatu. Huyu wa nne ni wa nini?"

Tobias, aliyekuwa kando, akaanza kuvichunguza viatu vyake.

"Ni wa Tobias, mzee," Muthama akasema. "Alinikanda jana. Nimeona ni heshima nimlipie mbuzi."

"Tobias? Sasa mbuzi wa Tobias anakuja kufanya nini kwetu?"

Kisha kutoka jikoni, nyuma ya mlango, ikasikika sauti ya mama mtu mzima, isiyo na haraka.

"Mwambieni Tobias, mbuzi nimempokea."